Picha ya Nane

Jumapili, 1 Agosti 1965. Lunga Lunga.

Nimetoka nchini mwangu kwa mara ya kwanza. Umri wangu miaka arobaini na mmoja. Nilitegemea kusikia kitu kifuani basi litakapovuka mpaka. Sikusikia kitu ila njaa. Huku ng'ambo minazi ni ile ile, mbuzi ni wale wale, na muuza mihogo alinijibu kwa lafudhi ya shangazi yangu.

Nilimwomba askari wa mpakani anigongee muhuri. Akaniuliza augonge wapi, maana pasi sina wala haihitajiki. Nikampa daftari hili. Akasema daftari la shule haligongwi muhuri wa serikali.

Niandike sababu ya safari. Mama anaumwa tangu Ramadhani. Ni moyo. Miguu imevimba, hafiki mbali zaidi ya uani. Anataka kitu kimoja tu hapa duniani: kuuona uso wa mdogo wake, Bi Chiku, aliyeko Msambweni. Hawajaonana tangu mwaka 1923, Mama alipoolewa akachukuliwa Tanga. Mwanzo waume zao hawakupatana, kisha wakazaa, kisha miguu. Basi nimetumwa mimi na kamera, nikauchukue huo uso niupeleke nyumbani.

Kamera ni ya Salimu, mume wa dada yangu. Hapo ndipo penye uchungu. Salimu alikwenda Mombasa mwaka juzi, akapigwa picha chini ya zile pembe kubwa za barabarani, na picha hiyo imetundikwa juu ya kitanda cha Mama. Mimi niliyezaliwa na Mama sina hata msumari ukutani mwake. Salimu amenipa filimu moja, picha nane. Akasema zote nane ni za Mama mdogo, nisizichezee. Alisema hivyo mbele ya majirani.

Nina mpango wangu. Mama mdogo atosha picha moja, kwa kuwa uso ni mmoja. Saba zilizobaki ni zangu mimi Alfani nikiwa ng'ambo, ukuta mzima. Ya kwanza nimekwisha kupigwa, chini ya bendera ya Kenya, mkono kiunoni. Askari ndiye aliyebonyeza. Alikuwa anatafuna muwa, lakini nadhani imetoka.

Jumatatu, 2 Agosti. Msambweni.

Balaa. Mama mdogo anakaa eda.

Mumewe, Mzee Mwero, alifariki mwezi wa nne. Habari hii kwangu si mpya. Barua ilifika Tanga, nikaipokea mimi, nikaitia mfukoni mwa koti. Mgonjwa haambiwi habari ya msiba, kila mtu anajua. Lakini siku ile sikufikiria kwamba mfiwa atakuwa ndani miezi minne na siku kumi.

Nimepokewa vizuri, sina la kusema. Nilipiga hodi, nikatoa shikamoo yangu, naye akaniita mwanangu kabla sijataja jina. Ana uso wa Mama. Nilishtuka kidogo. Alikuwa amejitanda shuka jeupe, hana wanja, hana hina. Akanishika mkono akaniuliza Mama anakula nini, analala upande gani, na kama bado anacheka kwa puani. Nikajibu. Kisha nikatoa kamera.

Amekataa. Alisema kwa upole kabisa, lakini amekataa. Mwenye eda hajipambi wala hajionyeshi, na picha haina mlango: leo ataitazama dada yake, kesho ataitazama Salimu, keshokutwa wenziwe Salimu. Eda inaisha Alhamisi ya tarehe 12. Siku hiyo ataoga, atavaa, kisha atapanda basi pamoja nami aende Tanga mwenyewe. Siku kumi tu, akasema. Nikae, nile, nitazame nchi.

Likizo yangu yaisha tarehe 16. Muda upo. Lakini nimeligeuza jambo hili kila upande na halinifai. Mama mdogo akiingia Tanga kwa miguu yake, nani atazitazama picha zangu?

Jumanne, 3 Agosti. Bodo.

Nimekwenda kuona alikozaliwa Mama. Sefu, mtoto wa Mama mdogo, alinielekeza njia lakini hakunifuata. Ana shamba lake, na nadhani hanipendi. Nyumba haipo. Pana kisima, na mbuzi aliyenitazama kama mwenye mji. Nilisimama kisimani nikampa kamera mchuuzi mmoja wa samaki. Hiyo ni ya pili.

Kabla sijaondoka wakanitambua. Sijui walinijuaje. Walitoka wanawake watano, kila mmoja akaupanda ukoo mpaka tukakutana. Wakanilisha wali kwa pweza. Wakanipa salamu za Mama, kumi na kitu: mkanju alioupanda bado unazaa, fulani alimsamehe zamani, fulani alikufa akimtaja. Nilitaka kuziandika, nikaona jua linaniacha, nami nilikuwa nataka picha kwenye mikoko. Ya tatu nimepigwa nikiwa ndani ya matope. Kiatu changu cha kushoto kimebaki Bodo.

Salamu nimezisahau, isipokuwa ya mkanju.

Jumatano, 4 Agosti. Diani.

Nimevaa makubadhi ya Sefu, ambayo bado hajagundua kwamba hayapo. Hapa ndipo ng'ambo hasa. Pana hoteli ya Wazungu, mchanga mweupe, na viti vya kulalia mchana. Bawabu ni mtu wa bara, anaitwa Mangi. Nilimsifu koti lake la vifungo, akakubali kunipigia. Ya nne: bahari nyuma, mimi mbele. Ya tano: mlango wa hoteli, mimi kama ninayetoka. Ya sita: nimeegemea gari jekundu.

Mwenye gari akatokea. Mzungu mzee wa kaptula. Nilijiandaa kutukanwa. Hakukasirika. Alinisogeza mbali na gari lake, akaniweka chini ya mnazi, akanivua kofia, akanipiga picha kwa kamera yake. Mkewe akataka nishike dafu. Nikashika. Nimekuja kutazama watu, nimetazamwa mimi. Sasa nimo kwenye picha za mtu huko kwao, kichwa wazi, na dafu si langu.

Mangi akaniambia niondoke, wageni wamemalizana nami. Nikaelekeza kamera hotelini kwa mara ya mwisho, naye akanyoosha mkono. Ya saba ni kiganja cha Mangi.

Imebaki moja. Niliporudi Msambweni nilimwomba Mama mdogo tena, nikiwa nimesimama mlangoni kwa adabu. Akaniuliza mbona nina haraka, kwani dada yake amezidiwa? Nikasema hasha. Akaniuliza tena, polepole, kama yuko hai kweli, maana mtu aliye kwenye msiba hufichwa mengine. Nikaapa. Akasema basi tungoje.

Alhamisi, 5 Agosti. Kinondo.

Nimepata njia, na nashangaa sikuiona mapema. Mama alimwacha mdogo wake ana miaka kumi na minne. Uso wake wa leo haujui. Na jicho lake la kulia lina ukungu. Kwa hiyo mwanamke yeyote wa makamo, mwenye pua ya heshima, anafaa.

Nimempata Bi Sidi, msukaji mikeka, mjane pia ila eda yake ilikwisha zamani. Nilimwambia kuna mgonjwa Tanga anatamani kuona uso wa mtu wa huku. Hakuuliza zaidi. Alikataa tu kupigwa na leso yake ya kazini. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Asubuhi mke wa Sefu alianika nguo zote za sanduku la Mama mdogo, zipate jua kabla ya eda kwisha. Nikachukua leso moja kambani. Nilichagua iliyo kuukuu kuliko zote, ili isitafutwe.

Nilimwambia leso ni ya Mama mdogo, Bi Chiku wa Msambweni. Bi Sidi akajitanda, akakaa wima, akaitazama kamera kwa huruma, kama ndiyo mgonjwa mwenyewe. Alisema nimwambie Mama kwamba amemwombea dua. Nilisikia vibaya kidogo. Kisha nikabonyeza.

Leso nimeirudisha kambani kabla ya alasiri. Hakuna aliyejua.

Ijumaa, 6 Agosti. Mombasa.

Nimevuka Likoni kusafisha filimu. Fundi wa picha alizitandaza mezani akaniuliza kama nina adui. Bendera imetoka vizuri sana, mimi nimetoka miguu. Kisimani sina kichwa. Mikokoni nimekatwa mapajani na nyuma yangu ni ukungu mtupu. Diani nimefumba macho mara mbili, na ya gari lipo gari. Kiganja cha Mangi unaweza kukisoma mistari.

Iliyotoka ni moja tu, ya nane. Bi Sidi anang'aa. Hata maua ya leso unaweza kuyahesabu.

Picha hiyo nimempa Kenga, dereva wa basi la Tanga, amfikishie Mama mkononi. Nyuma nimeandika: Bi Chiku, mzima, anakusalimu. Mimi nimepata filimu mpya, sirudi bado. Bado sijaona Jego.

Jumatatu, 9 Agosti. Jego.

Leo Kenga aliniona nimesimama kwenye njia kuu Lunga Lunga. Akasimamisha basi, akateremka, akanipa mkono wa makiwa.

Nikamwuliza nani amekufa. Akasema Mama yangu mdogo, Bi Chiku. Nikamwambia haiwezekani, nimekula kwake Jumamosi. Kenga akanionea imani. Akasema maskini, hata mimi nimefichwa.

Kisha akanieleza. Mama aliipokea picha Jumamosi asubuhi. Akaisogeza dirishani, akaitazama. Akamwambia dada yangu afungue sanduku, akatoa leso yake kuukuu, akaiweka kando ya picha. Maua yale yale. Siku ya kuolewa alikuwa na leso pande mbili. Moja akaenda nayo Tanga, moja akamwachia mdogo wake. Wakaahidiana hakuna atakayempa mtu yake akiwa hai. Basi Mama akasema pua hii si ya kwao, mwanamke huyu si Chiku, na Chiku hayupo tena, nguo zake zimekwisha kugawiwa. Walimwapia. Akawaambia anajua jinsi mgonjwa anavyofichwa, yeye mwenyewe ameficha wengi. Tangu Jumamosi hajatia kitu kinywani.

Nimekaa hapa njiani mpaka basi limekuwa vumbi. Nilifikiri niende Tanga nikaseme kweli. Lakini atanisadiki nani? Barua ya kifo cha Mzee Mwero imekwisha kuonekana kotini, nililiacha msumarini nyumbani. Nitalala Jego nipange maneno.

Jumanne, 10 Agosti. Msambweni.

Maneno sikuwahi kuyapanga. Salimu amenitangulia. Alikuja kwa gari la kukodi, pamoja na dada yangu, wanawake wawili na gunia la mchele wa matanga.

Nilifika wakati wanateremka. Nikajibanza nyuma ya jiko. Wanawake walianza kulia tangu barabarani. Mke wa Sefu akatoka mbio akidhani Sefu ameanguka mnazini. Ndipo Mama mdogo akauliza kutoka ndani, kwa sauti, nani aliyekufa. Dada yangu, uso ameufunika, akajibu kwa kilio kwamba ni Bi Chiku. Mama mdogo akauliza Bi Chiku yupi.

Dada yangu aliijua ile sauti, ni ya Mama tupu. Akakaa chini mchangani.

Walimpitishia picha mlangoni. Mwanamke hakumjua, leso akaijua. Hakuita Sefu wala Salimu, aliniita mimi, na nikatoka. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nilitaka kumfurahisha Mama. Akasema hataniuliza tena, asije akaniongezea dhambi ya kujibu.

Salimu alinivua kamera shingoni tu, akaifuta vumbi kwa kanzu yake. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 11 Agosti. Msambweni.

Mama atamsadiki mtu mmoja tu, na mtu huyo haruhusiwi kutoka mpaka kesho. Dada yangu amesema kesho ni mbali, Mama hawezi hata kunyanyua mkono. Wakamwita mwalimu wa msikiti. Alisikiliza yote, akanitazama, akasema dharura ya roho inaruhusu. Aende mchana, na mwanawe, bila mapambo.

Mama mdogo alilia. Alisema miezi minne na siku tisa amemkalia mume wake bila kasoro, na ile moja iliyobaki amenyang'anywa. Hakunitaja. Kila mtu alijua.

Nilikuwa na mguu mmoja garini Mama mdogo aliponishika bega. Habari ya kufa kwake imekwisha kuenea, akasema, na watu watakuja. Aliyemwua ndiye abaki awaambie kwamba yu hai. Gari likaondoka. Mimi na mke wa Sefu na kuku.

Ijumaa, 13 Agosti. Msambweni.

Wanakuja. Jana kumi na mmoja kutoka Jego. Leo wale watano wa Bodo na mihogo kichwani. Namwambia kila mmoja kwamba Bi Chiku hajafa, amesafiri. Wananipapasa mgongo, wananiambia nivumilie. Nyumbani hayupo, Sefu hayupo, gunia la mchele liko ukumbini. Wametandika mikeka wenyewe. Mmoja wa Bodo aliniuliza kama salamu zake zilifika. Nikasema zilifika zote.

Jioni alikuja Bi Sidi kutoka Kinondo na mkeka mpya kichwani, zawadi ya matanga. Amesikia mwenye ile leso amefariki. Alikaa karibu na mlango. Akaniuliza kama mgonjwa wa Tanga aliipenda picha.

Nikasema ameipenda sana.

Jumapili, 15 Agosti. Msambweni.

Sefu amerudi peke yake. Aliwapa mkono wanaume wote ukumbini, wangu akaumalizia. Hapo nikajua.

Mama amefariki jana alfajiri. Wamemzika adhuhuri.

Sefu alisimulia kwa watu wote, si kwangu. Walifika Tanga Jumatano magharibi. Mama hakufumbua macho. Mama mdogo akapanda kitandani, akamshika uso, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo sisi watoto hatukulijua kamwe. Mama akampapasa pua, paji, masikio. Kisha akataka uji. Siku mbili alikula uji mkononi mwa mdogo wake, na wote wawili walicheka kwa puani mpaka majirani wakaja kutazama. Kumbe moyo ulikuwa umekwisha kuchoka tangu zile siku za njaa.

Aliniulizia. Wakamwambia bado niko safarini. Akasema wasinihimize, sijapata kutoka maishani mwangu.

Nililia. Niandike hivyo hivyo, nililia mpaka nikashikwa na watu wawili. Mikeka ilikuwa imetandikwa, mchele ulikuwapo, waliokuja kumlilia Chiku wakamlilia dada yake. Hapakuwa na cha kuhamisha.

Alhamisi, 19 Agosti. Mombasa.

Jana Kenga aliniletea bahasha kutoka Tanga. Salimu aliwapiga picha Mama na Mama mdogo Ijumaa ile, nayo imetoka vizuri, laana. Mama ameegemea mito, Mama mdogo ubavuni pake, vichwa vimegusana. Dada yangu ameandika kwamba nakala kubwa imetundikwa ukumbini, na kila anayeingia anaitazama. Wamo dada yangu, mumewe kwenye kioo cha kabati, hata jirani. Mimi simo.

Likizo yangu imekwisha tangu Jumatatu. Hitima ya Mama ni kesho, Tanga. Sefu alinitaka asubuhi tupande basi pamoja. Nikamwambia atangulie, nikapanda la Likoni.

Nimempa fundi wa picha ile bahasha. Nataka anitie katikati yao, nimesimama, mkono wangu begani kwa Mama. Amesema inawezekana, watu wengi hufanya, ila lazima anipige upya hapa dukani kisha anikate anibandike. Kichwa changu kitakuwa kikubwa kidogo kuliko vyao. Nikasema haidhuru. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya pazia, akaniuliza nitie sura gani. Nikamwambia ya mtu aliyekuwapo.

Itakuwa tayari Jumamosi. Nimeona bora niingoje. Salimu atakoma.